Nani Alipie Gari la Moshi?

Mji wa Indianapolis, ulio makao makuu ya jimbo la Indiana katika Marekani, ulistawi kwa reli. Mwaka wa 1853 ilifunguliwa huko stesheni moja iliyotumiwa kwa pamoja na kampuni mbalimbali za reli, jambo lililokuwa geni katika zama zile. Basi huenda ukastaajabu, msomaji, kusikia kwamba gari la abiria lililouunganisha mji huo na Chicago, lililoitwa Hoosier State, halipo tena. Hoosier ni jina la wenyeji wa Indiana. Kisa cha gari lao chafaa kujulikana, kwa kuwa ndani yake mna swali zito: chombo cha umma kisipoleta faida, nani akilipie?

Hapo zamani magari ya abiria yalikuwa mali ya kampuni za watu binafsi. Motokaa na ndege zilipowanyang'anya abiria wao, Serikali iliunda shirika la Amtrak, nalo likaanza kazi mwaka wa 1971. Hoosier State ilianza mwaka wa 1980. Safari yake ilikuwa ya maili 196, ikipitia miji midogo kama Crawfordsville, Lafayette na Rensselaer.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Reli zile hazikuwa za Amtrak. Zilikuwa za kampuni za kuchukua mizigo. Safari ilichukua muda wa saa tano hivi, hali mwenye motokaa alifika kwa saa tatu. Tena katika miaka yake ya mwisho gari lilisafiri siku nne tu kwa juma; siku tatu nyingine lilipita gari la Cardinal litokalo New York.

Mwaka wa 2008 ilitungwa sheria kwamba gari lenye safari isiyofika maili 750 ligharimiwe na majimbo linamopita. Tangu mwaka wa 2013, Indiana, pamoja na baadhi ya miji ya njiani, ikatoa dola kama milioni tatu kila mwaka. Mwaka wa 2015 kampuni moja ya binafsi ilialikwa kusaidia. Ikaleta chakula kizuri na behewa lenye paa la kioo, lakini mwaka wa 2017 ikaondoka. Jimbo liliponyima fedha, gari lilifanya safari yake ya mwisho tarehe 30 Juni 2019.

Wakuu wa jimbo walisema abiria ni wachache, na fedha za umma si za kumwagwa. Neno hilo lina haki yake. Lakini tazama upande wa pili. Abiria watapendaje gari la polepole lisilosafiri kila siku? Na mwanafunzi wa Lafayette, au mzee asiyeweza kuendesha motokaa, asafirije siku ambazo Cardinal haipiti?

Ewe kijana, kesho utaitwa mpiga kura, na pengine diwani au mbunge. Utakapoletewa hesabu ya hasara ya chombo cha umma, usiitupe, maana hesabu ni kweli. Ila uliza pia: je, watu wamekiacha chombo hiki, au sisi ndio tuliokiacha kwanza?