Askari wa Risasi

Mwenzangu bwenini huunganisha kwa gundi sanamu ndogo za madini, wanajeshi wa sayari za mbali, kisha huzipaka rangi tayari kwa vita vya mezani. Nilidhani ni mambo mapya. Kumbe H. G. Wells, aliyesimulia uvamizi wa viumbe wa Mirihi mwaka 1898, ndiye aliyeandika kanuni za vita vya kuchezea, Little Wars, mwaka 1913.

Wells alitumia askari wa kampuni ya Britains. Tangu 1893 mafundi wake walimimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, wakaimwaga kabla ya katikati kuganda. Sanamu ikabaki tupu ndani.

Kampuni hiyo iliuza pia askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Hapo nilisita. Jeshi hilo liliundwa 1902, kikosi cha nne kikiwa cha Uganda, na askari wake walielewana kwa Kiswahili; ndiyo maana wengi Kampala wangali wakiiogopa lugha tunayoisomea. Babu yangu alikuwa Keya. Wale wa kalibu walikuwa na uso mmoja.

Juzi niliomba brashi na sanamu moja. Nimeanza na uso: babu alikuwa maji ya kunde.