Fahali, mtamba na mbuguma: Majina ya wazazi wa mifugo na suala la nasaba

MNUNUZI wa mtamba huko Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Busia, hupata kwa urahisi habari za mama: hukamwa kiasi gani, amezaa mara ngapi. Swali la baba yake ni nani ndilo gumu kujibiwa.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Fahali ni dume la ng'ombe. Akihasiwa huwa maksai. Mtamba ni jike ambaye hajazaa, na akishazaa huitwa mbuguma, neno ambalo kwa bahati mbaya linasahaulika. Koo ni jike wa kuzalisha, awe mbuzi au kuku. Kwa Kiluo, fahali ni ruath na mtamba ni roya. Hata hivyo, majina haya hueleza umri na hali ya mnyama. Hakuna hata moja linalosema kuwa huyu ndiye aliyemzaa yule.

Wafugaji wa farasi ndio waliolichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa zaidi. Kwa Kiingereza, farasi dume huwa na jina moja la kawaida, na jina jingine anapotajwa kama baba wa fulani. Jike vivyo hivyo. Kitabu chao cha nasaba kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na farasi wa mbio wa asili hiyo, wakiwemo wanaoshindana Ngong jijini Nairobi, hurejeshwa kwa upande wa kiume kwa madume matatu tu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian.

Katika lugha yao, farasi wawili wa mama mmoja na baba tofauti ni ndugu. Wa baba mmoja na mama tofauti hawaitwi ndugu kamwe. Sababu ni hesabu: jike hubeba mimba miezi 11 na kwa kawaida huzaa mmoja, ilhali dume maarufu huweza kupata watoto zaidi ya 100 kwa mwaka. Kwa Mluo jambo hili si geni, kwani hata neno nyamin, yaani dada, limembeba mama ndani yake.

Kwa ng'ombe, desturi hiyo ingempotosha mfugaji. Watoto wa baba mmoja hushiriki damu sawa na watoto wa mama mmoja. Fahali wa kijiji akiachwa miaka mingi humfikia binti yake mwenyewe, na kiwango cha uzao wa ndugu katika ndama hufika asilimia 25. Wa baba mmoja wakipandana, asilimia 12.5. Matokeo yake ni ndama dhaifu, majike yasiyoshika mimba upesi, na maziwa haba.

Uhimilishaji, ambao kituo chake cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, haukuondoa hatari hiyo, kwa kuwa mbegu ya fahali mmoja huenea wilaya nzima. Ila mrija wa mbegu huandikwa utambulisho wa fahali. Mfugaji anapaswa kuunakili daftarini kabla mrija haujatupwa, pamoja na tarehe, jina la ng'ombe aliyepandishwa, na baba wa ng'ombe huyo. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, nalo ndilo mhudumu hulihitaji anapochagua mrija unaofuata.