Farasi katika Nchi ya Ng'ombe

Katika mkoa wa Mara mnyama wa heshima ni ng'ombe. Kwake hupatikana maziwa, mahari na nguvu ya kukokota plau. Mchungaji wa Bunda humtambua kila mmoja kwa rangi, pembe na mwendo. Farasi hakuzoeleka huko, na sababu moja ni ya maumbile: mbung'o wa mapori ya Serengeti huambukiza nagana, ugonjwa umwuao farasi, hali punda milia huustahimili.

Basi farasi aliwafikia wengi kwa njia ya kitabu. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar. Mfasiri alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Tafsiri iliyosahihishwa, Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1969. Neno farasi lilikuwapo zamani katika Kiswahili, nalo lina asili ya Kiarabu. Lakini je, neno pekee lamtosha msomaji asiyemwona mnyama mwenyewe?

Jibu limo katika mchezo. Shakespeare hakuridhika kumtaja farasi kuwa mzuri au mwenye mbio. Antony, akimdharau Lepidus, humfananisha na farasi wake: hupewa malisho, hufunzwa kupigana, kugeuka, kusimama na kwenda mbele, lakini mwili wake huongozwa na nia ya bwana wake. Aliyewahi kumfunza maksai kulima hufahamu mara moja. Kazi ya mnyama imemweleza mnyama, tena imemweleza mtu.

Mchezo huohuo waonyesha hatari ya kutazama nusu. Pindarus, akiwa kilimani, aona wapanda farasi wamemzunguka Titinius, akadhani ametekwa. Kumbe ni rafiki zake. Cassius aliamini habari hiyo, akaamuru auawe.

Kwa hiyo, kijana atungaye hadithi asimkimbize farasi usiku kucha kutoka Bunda hadi Musoma, kisha asubuhi amwonyeshe hana jasho, kiu wala uchovu. Msomaji akigundua uwongo juu ya mnyama, hatauamini ukweli juu ya binadamu. Heri amweleze kwanza ng'ombe wa nyumbani kwao kwa usahihi. Jicho lililozoea kumchunguza ng'ombe litajua la kuuliza juu ya farasi.