Kapilari na insulini katika nyumba moja

Umeshawahi kujiuliza sukari ya ugali uliokula inafikaje kwenye msuli? Mwaka 1920 August Krogh wa Copenhagen alipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi kapilari, mishipa midogo kuliko yote, zinavyofunguka msuli ukianza kazi. Nyumbani, mkewe Marie, naye daktari, aliugua kisukari. Mwaka 1922 wakaenda Marekani, Krogh akapita Toronto, akarudi Denmark na ruhusa ya kutengeneza insulini.

Yaani mambo yote mawili yalikuwa chini ya paa moja! Ila uhusiano wake ulichelewa kuchunguzwa kwa makini. Mwaka 1990 kundi la Alain Baron lilionyesha kuwa insulini huongeza damu kwenye misuli ya mguu, na kwamba kwa wanaume wanene ongezeko hilo hudhoofika. Ukuta wa mshipa nao huisikia insulini: hutoa oksidi ya nitriki, mshipa unatanuka. Mwenye kisukari cha aina ya 2, ukuta wake husikia kwa tabu, na sukari inakwama njiani kabla hata ya kugonga mlango wa seli. Lakini msuli unaofanya kazi hufungua kapilari bila kuingoja insulini. Ukiambiwa utembee baada ya kula, ni kwa sababu hiyo pia.