Mfalme Aliyetawala Siku 99 Bila Sauti

Leo mastaa wa sasa wapumzike, tunarudi karne ya 19 huko Ujerumani. Jina simtaji, ila dondoo hizi hapa: mrithi wa kiti cha enzi, ndevu za maana, mkwe wa malkia wa Uingereza. Wajuzi mshamjua.

Januari 1887 sauti yake ikaanza kukwaruza. Mafua tu, si ndio? Madaktari wakachungulia kooni, wakakuta kauvimbe kadogo kwenye uzi wa sauti wa kushoto. Mei wakajiandaa kumpasua. Akaja bingwa kutoka Uingereza akasema subirini kwanza. Kipande cha nyama kikapimwa, kansa haikuonekana, upasuaji ukafutwa. Uvimbe wenyewe haukusubiri mtu. Novemba ikathibitika ni kansa. Februari 1888 akatobolewa koo apate kupumua. Machi akawa mfalme, maagizo yote anaandika kwenye karatasi. Juni 15 akafariki. Siku 99 tu!

Kinachouma zaidi, eksirei iligunduliwa 1895, miaka saba baadaye, tena hukohuko Ujerumani. Shida ikawa dozi kubwa ya mkupuo inaunguza ngozi. Miaka ya 1920 Claude Regaud na Henri Coutard wa Paris wakaigawa kidogo kidogo kwa siku nyingi, na kansa za koo zikaanza kupona bila kisu.

Ila mionzi nayo inaangalia ukubwa. Siku hizi, kansa ikiwa bado ndogo na haijatoka kwenye nyuzi za sauti, mionzi huponya takriban wagonjwa 9 kati ya 10, na sauti inabaki. Uvimbe mkubwa una seli nyingi zaidi za kuua, halafu katikati yake damu haifiki vizuri. Seli zilizokosa oksijeni ni sugu kwa mionzi. Ikishatafuna mpaka gegedu la koo, mara nyingi mionzi peke yake haitoshi, kisu kinaingia na sauti ndo inaondoka.

Yule mfalme hakukosa hela wala madaktari. Kauvimbe kalionekana kakiwa kadogo, lakini mashine ilikuwa haijazaliwa. Wewe mashine unayo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, hasa kama unavuta sigara, usikomae na tangawizi na asali. Nenda ukachunguliwe koo.

Haya, ni nani huyo? Dondosha jina hapo chini.