Mtumba Kabla ya Mitumba: Kitambaa cha Kufungia katika Njia ya Tabora

Neno letu furushi na neno la Kijapani furoshiki yanalingana kwa sauti kama ndugu, lakini hayana undugu wowote. Furoshiki limetokana na furo, yaani bafu, na neno lenye maana ya kutandika. Liliota mizizi zama za Edo, watu walipokuwa wakifunga nguo zao katika kitambaa cha mraba walipokwenda kwenye nyumba za kuogea za umma. Mfanano huo ni wa bahati tu, ila unaibua swali zito. Siku hizi tunahimizwa tuache karatasi za kumetameta na mifuko ya plastiki, tufungie zawadi katika vitambaa vinavyotumika tena, kama wafanyavyo Wajapani. Ushauri ni mwema, na sanaa ya Wajapani inastahili heshima. Kosa huanza pale tunapodhani kwamba kwetu jambo hili ni jipya. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, kitambaa cha kufungia kilikuwa na ufundi wake na maneno yake. Zaidi ya hayo, kilikuwa na kanuni ambayo furoshiki haina: kilichofungia mzigo hakikurudi kwa aliyeuleta. Kilibaki kwa mpokeaji, kikawa vazi lake.

Ushahidi wa kwanza ni mzigo wenyewe. Kamusi za kale za Kiswahili zinaeleza mtumba kuwa ni robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya kubebwa na mpagazi. Mwandishi wa habari na mpelelezi Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, alieleza jinsi mizigo hiyo ilivyotengenezwa kabla ya safari: nguo zilikunjwa na kupangwa, zikafungwa kwa kamba za makumbi, kisha zikapigwa kwa magongo hadi zikawa gogo gumu. Uzito wake haukupaswa kuzidi ratili 70 hivi, yaani farasila mbili, kama kilo 32. Ugumu huo ulikuwa na maana. Mzigo uliolegea huyumba begani, huumiza shingo, na hufunguka kwenye kivuko cha mto. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 7. Stanley naye alitumia miezi mitatu mwaka 1871. Fundo lililofungwa pwani lilipaswa kustahimili mvua za masika, miiba ya nyika na mamia ya mapumziko. Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya ujira na alama ya uanaume, walilijua fundo hilo kama baharia anavyolijua tanga. Na hawakuanza kujifunza kufunga siku merikani, nguo ya pamba ya Kimarekani, ilipofika. Katika misitu ya miombo magome ya miti yalibanduliwa, yakakunjwa kuwa vilindo vya kuhifadhia na kusafirishia vitu. Na huko Unyamwezi na Ufipa watu walikuwa wakifuma nguo za pamba katika vitanda vyao vya mfumi. Nguo za kigeni ziliangukia mikono iliyokwisha kuzoea kazi.

Ushahidi wa pili ni thamani. Bara hapakuwa na sarafu iliyokubalika kila mahali. Palikuwa na shanga, nyaya za shaba, na zaidi ya vyote, nguo. Merikani ilikuja kutoka viwanda vya Massachusetts kwa mikono ya wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Kaniki ilitoka India. Vipimo vilikuwa vya mwili wa binadamu: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Msafara ulipofika kwa mtemi, hasa Ugogo, kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ilihesabiwa kwa doti. Hapo mtumba ulifunguliwa, nguo zikahesabiwa mbele ya watu, na zilizokuwa mzigo asubuhi zikawa mavazi jioni. Ganda na kiini vilikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo hapakuwa na cha kutupa, na asiye na cha kutupa hahitaji kuhubiriwa juu ya taka.

Lakini ufundi huu haukuwa wa biashara peke yake, na hakuna tukio linaloonyesha hivyo zaidi ya lile la mwaka 1873. Mmisionari na mpelelezi Livingstone alifariki Mei 1 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliazimia kuufikisha mwili pwani ili urudishwe kwao. Waliukausha juani, wakauzungushia nguo, wakautia ndani ya gome la mti na kuufunga tena kwa turubai. Walipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, mpelelezi wa Kiingereza Cameron na wenzake waliwashauri wauzike hapo. Walikataa. Mbele ya Tabora, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Ndipo wale wapagazi walipoufunga mwili upya, wakauviringishia nguo hadi ukafanana na mtumba wa kawaida, wakauweka pamoja na mizigo mingine; kisha wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti na kuyarudisha nyuma kana kwamba yanakwenda kuzikwa. Hila hiyo ilifaulu kwa sababu moja: walijua kwa undani kila mtu wa njia ile alivyotarajia mtumba uonekane. Mkunjo wa nguo ulikuwa lugha iliyosomeka na wote, na watu hao waliitumia kutimiza azma yao kwa marehemu. Ni vigumu kutaja mfano mzito zaidi wa kitambaa kubeba heshima.

Lugha nayo inashuhudia. Katika desturi za ndoa za Waswahili, anachopewa baba wa binti huitwa kilemba, na anachopewa mama huitwa mkaja, mshipi wa nguo ajifungao mwanamke baada ya kuzaa. Hata fedha taslimu zinapotolewa, jina linabaki la kitambaa. Kanga, iliyoenea pwani mwishoni mwa karne ya 19, bado huuzwa kwa doti, kipimo kilekile cha hongo, ingawa sasa doti ni vipande viwili pacha. Mtumba umekuwa mitumba, nguo zilizovaliwa ambazo hutufikia katika marobota. Na kifurushi kimepanda hadi kwenye simu, ambako tunanunua kifurushi cha intaneti bila kukumbuka mikono iliyolifunga furushi la kwanza.

Kuna pingamizi ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza: hongo si zawadi, ilidaiwa, na mara nyingine kwa vitisho. Ni kweli. Hata hivyo, katika jamii nyingi mpaka kati ya zawadi na wajibu ni mwembamba, na Japani yenyewe ina zawadi za msimu ambazo mtu hawezi kuacha kuzipeleka bila kuvunja uhusiano. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: nguo hizohizo zilinunua pembe za ndovu, na zilinunua watu. Hatuwezi kuisifu njia ya Tabora tukanyamaza juu ya watumwa waliotembezwa humo. Ila ufundi si mali ya aliyeutumia vibaya. Uliishi mikononi mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa watu huru wafanyao kazi kwa malipo, na kuwasahau kwa sababu ya dhambi za matajiri wa misafara ni kuwadhulumu tena. Ya tatu: Wajapani wana mikunjo yenye majina na mafunzo, sisi hatuna. Kuna ukweli hapo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, behewa likachukua nafasi ya bega la mpagazi, na ujuzi usioandikwa ukakatika njiani. Lakini kukosa kitabu si kukosa sanaa. Ni sababu ya kuanza kuandika.

Wajapani wenyewe walilazimika kukumbushwa. Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipozuru Japani mwaka 2005 alilipenda neno lao mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotezwa bure, akalieneza duniani. Mwaka uliofuata waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, alitoa furoshiki iliyopewa jina hilo. Mwanamke kutoka Nyeri aliwarudishia Wajapani neno lao. Si aibu nao wakitukumbusha furushi letu, hasa tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Tunapokopa, hata hivyo, tukope kwa kujua tofauti. Kwa desturi ya Kijapani, mgeni hufungua kitambaa, hukabidhi zawadi, na kukunja kitambaa chake aende nacho. Njia ya Tabora ilifundisha vingine. Anayefungia zawadi ya mwali katika kanga na kuiacha hapo, hajaiga Wajapani. Amefungua mtumba kwa namna ya zamani, na mwali atajifunga kanga hiyo kesho asubuhi.