Kitabu cha Marehemu: Mababu Waliozikwa Bagamoyo na Namna ya Kuwafuatilia

Katika ofisi za parokia kongwe za pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na vitabu vya ubatizo na vya ndoa, hutunzwa kitabu kingine ambacho wengi hawakikumbuki mpaka wafikwe na msiba, nacho ni kitabu cha marehemu, yaani daftari ambamo padre huandika jina la muumini aliyefariki, siku aliyozikwa na mahali alipolazwa. Kwa ukoo wenye wazee wanaotaja vizazi saba bila kusita, daftari hilo ni nyongeza tu. Lakini kwa wale ambao mababu zao waliletwa pwani wakiwa watumwa, wakiwa wametengwa na wazazi, lugha na makaburi ya kwao, mara nyingi vitabu vya parokia ndivyo maandishi ya kwanza yanayomtaja babu huyo kwa jina, akiwa mtu na si mali ya mtu.

Desturi ya kuandika haikuanzia Afrika. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike ndoa na ubatizo, na mwaka 1614 kitabu rasmi cha ibada cha Roma kikaongeza vifo, kikitoa hata mfano wa maneno ya kutumia: jina la marehemu, ni mtoto wa nani, ametoka wapi, ana umri gani, amefia katika nyumba ya nani, amezikwa lini, na kama alipata kitubio, mpako wa wagonjwa na Komunyo ya mwisho, ile iitwayo pamba ya safari. Uingereza ilikuwa imetangulia, kwani mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwa hiyo wamisionari wa madhehebu yote mawili, Wakatoliki na Waanglikana, walipofika pwani hii katika karne ya 19, kalamu na daftari vilikuwa sehemu ya ibada yao.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakahamishia huko watoto waliokombolewa utumwani Zanzibar, na kando ya misheni kikakua kijiji cha Wakristo walioachwa huru. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mauti. Kipindupindu kilichopita pwani mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno, na mwezi Aprili 1872 kimbunga kikabomoa majengo ambayo bado yalikuwa mapya. Mtu anayetafuta babu yake katika daftari la miaka ya namna hiyo hapaswi kuusoma mstari mmoja akafunga kitabu, kwa sababu mistari ya juu na ya chini yake ina mengi ya kusema: maziko yanayofuatana siku kwa siku huonyesha mlipuko wa ugonjwa, na ubatizo uliofanywa siku ileile ya kifo, ambao Kanisa huuita ubatizo wa hatari ya kufa, huonyesha kwamba mtoto alipewa jina la Kikristo saa chache tu kabla ya kuliacha duniani.

Lugha ya vitabu vya zamani vya Kikatoliki aghalabu ni Kilatini, nayo ina mitego yake. Neno «obiit» maana yake ni amefariki, na «sepultus est» ni amezikwa, au «sepulta» iwapo ni mwanamke. Majina hubadilika miisho kufuatana na sarufi, hivi kwamba «filius Caroli» si mtu aitwaye Caroli bali ni mwana wa Carolus, ambaye nyumbani aliitwa Karoli. Mtego mbaya zaidi umo katika miezi: «7bris» si mwezi wa saba bali ni Septemba, na «8bris» ni Oktoba, kwa kuwa kalenda ya kale ya Warumi ilianza kuhesabu Machi, na majina ya miezi hiyo bado yamebeba tarakimu za zamani. Msomaji asiyelijua hili humzika babu yake miezi miwili kabla ya kufa kwake.

Umri nao usomwe kwa tahadhari. Neno «circiter», yaani takriban, likitangulia hesabu ya miaka humaanisha kwamba padre alikisia, maana mtoto aliyetekwa bara hakuwa na mtu wa kumtajia siku yake ya kuzaliwa. Pengo lililo zito kuliko yote ni lile linalojazwa kwa maneno «parentibus ignotis», yaani wazazi wasiojulikana. Wapo wanaokata tamaa wakifika hapo, ilhali kuna mlango wa pembeni: jina la msimamizi wa ubatizo na majina ya mashahidi wa ndoa. Watu waliovuliwa ukoo walijiundia ukoo mwingine, wakasimamiana katika ubatizo, wakashuhudiana katika ndoa, na majina yaleyale yakijirudia katika vitabu vitatu huonyesha nani alikuwa ndugu wa nani hata pasipo damu.

Makaburi yenyewe husaidia kwa sehemu tu. Huko Bagamoyo wamisionari, wengi wao waliokufa wakiwa vijana, wana makaburi yenye majina. Lakini msalaba wa mbao, ambao ndio alama ya mtu wa kawaida, huliwa na mchwa kabla wajukuu hawajakua. Hapo daftari hudumu kuliko kaburi. Kwa Waislamu wa pwani hali ni tofauti, kwani nasaba hutunzwa vinywani na katika maandishi ya familia, na kaburi huwekwa mashahidi, yaani mawe au vibao vya kichwani na miguuni, mara nyingi bila maandishi yoyote. Kaburi moja katika magofu ya mji wa Gedi, pwani ya Kenya, lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, linathaminiwa sana kwa sababu limetaja mwaka wake.

Kaskazini zaidi, wazao wa watu wa misheni ya Rabai na wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, wana bahati ya kuwa na aina nyingine ya andiko: tarehe 1 Januari 1889 watumwa watoro 1,421 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, si Kilatini wala mchwa. Ni aibu. Pwani nzima zipo familia zinazoficha kwamba mzee wao alikuwa mtumwa, na zimemtungia asili nyingine iliyo tukufu zaidi. Kuficha huko ni kumdhulumu mara ya pili mtu aliyekwisha kudhulumiwa, kwani fedheha ya biashara ile ni ya walionunua na kuuza, na yule aliyeandikwa pasipo baba wala mama, kisha akaoa, akalima na kulea, ndiye mwanzilishi wa ukoo kwa maana kamili ya neno hilo.

Tena babu huyo asitafutwe Bagamoyo tu. Kuanzia mwaka 1877, misheni ya Mhonda ilipofunguliwa bara, wanandoa vijana kutoka Bagamoyo walikwenda kuishi na kufia huko. Kwa waliooa baada ya Pasaka ya mwaka 1908 njia ni rahisi zaidi, kwa kuwa sheria mpya ya Kanisa ilitaka ndoa inukuliwe pembeni mwa jina la mtu katika kitabu cha ubatizo, popote alipooa. Paroko akiruhusu kitabu kifunguliwe, jicho litangulie kwenye ukingo wa ukurasa, kwenye maandishi madogo yaliyobanwa kando ya mstari usio na jina la baba: ndiyo yanayotaja parokia alikooa, ambako huenda kitabu cha marehemu kinachotafutwa kimehifadhiwa.